Kura Aliyoisahau Spika

Odile Marcotte aliipata habari ile akiwa ameshika mrija wa kunyonya mate ndani ya kinywa cha Bi Prudence Wheelock.

Redio ya kliniki ya meno, ambayo daktari huiacha ikinong'ona kutwa nzima ili wagonjwa wasisikie mlio wa mashine, ilisema kwamba Spika wa Bunge la jimbo, Mheshimiwa Alden Peaslee, amewatangazia wabunge asubuhi ile kuwa hatagombea tena. Bunge likifungwa jioni ya leo, atarudi kwenye shamba lake la ng'ombe kule kaskazini, na huko ndiko atakakobaki.

Mrija ukateleza. Maji yakamwingia Bi Prudence puani.

Odile aliomba radhi, akamfuta uso, akamwomba radhi tena. Bi Prudence, shavu moja likiwa limekufa ganzi, alimtazama kwa jicho lililochangamka kuliko kawaida.

"Unashtuka nini wewe?" aliuliza kwa upande wa mdomo uliobaki hai. "Si anakaa kwako?"

"Anakaa kwetu. Ni mpangaji."

"Mpangaji," Bi Prudence alirudia, na hata kwa nusu mdomo aliweza kulitia neno hilo chumvi.

Odile akageukia kazi yake. Aliendelea kushika mrija, akapanga vifaa, akaandika miadi ya wagonjwa wa wiki ijayo, na muda wote huo moyoni alikuwa na neno moja linalozunguka kama nzi ndani ya taa. Hakuniambia. Hakuniambia.

Watu wa Montpelier, makao makuu ya jimbo la Vermont, wamezoea kuishi na wabunge. Kila Januari, theluji ikiwa imefika madirishani, wanakuja na mabegi yao kutoka miji ya mbali ya Vermont, na kila familia yenye chumba cha ziada humpokea mmoja. Wanakaa mpaka Mei, kisha wanaondoka kwenda kulima, kufundisha au kuuza magari, kila mtu na kazi yake. Alden Peaslee alikuja nyumbani kwa akina Marcotte miaka kumi na minne iliyopita, mwaka uleule ambao Lucien, mume wa Odile, alianguka na kufa kwa ugonjwa wa moyo akiwa anakwangua theluji mlangoni. Ni Mama Aurore, mama yake Lucien na mwenye nyumba, aliyesema chumba cha karakana cha marehemu kipangishwe, kwa maana nyumba isiyo na hatua za mwanamume usiku inatisha.

Kwa hiyo Odile aliiona kazi yote ya Alden ikikua kwenye meza yake ya jikoni. Aliyaona yale majira ya baridi ya kwanza, Alden alipokuwa mbunge mgeni wa kiti cha nyuma kabisa, akijifunza kusema sentensi tatu mbele ya sufuria zake. Mwaka wa tatu mkewe Alden alifariki, na Odile na Mama Aurore waliendesha gari mpaka kaskazini kumzika, pai ya nyama ikiwa magotini mwa bibi. Halafu Alden akawa mwenyekiti wa kamati ya kilimo. Halafu wabunge wa chama chake wakamchagua awe kiongozi wao. Halafu akawa Spika. Na siku ile ya uspika aliteremka kutoka Bungeni kwa miguu, kabla ya sherehe, kabla hajampigia simu hata dada yake Hester, akasimama jikoni na theluji ikimyeyukia mabegani. Alimwambia Odile kwamba hawezi kuamini jambo lolote mpaka amwambie yeye.

Maneno ya mapenzi hayakuwahi kutamkwa baina yao. Mungu ni shahidi. Lakini kila alfajiri ya baridi Odile alikuta kioo cha gari lake kimeshakwanguliwa barafu, na kila kifungo kilicholegea kwenye koti la Alden kilikuwa kimekazwa kabla hajakitafuta. Na Machi hii, Bunge lilipopumzika ili kila mbunge akahudhurie mkutano wa mji wake, Alden alirudi kutoka kwao na macho mengine. Odile alikuwa anaosha vyombo. Akayaona macho hayo ndani ya kioo cha dirisha, yakimtazama mgongoni, na hakugeuka, kwa kuwa alijua akigeuka yataondoka.

Tangu siku hiyo alikuwa anangoja. Na sasa ameambiwa na redio.

Alipofika nyumbani alimkuta Mama Aurore mezani, anachambua maharage ya kuoka. Bibi huyu ana miaka themanini na sita, na hakuna punje mbovu iliyowahi kumpita.

"Mama, umesikia habari za Bwana Alden?"

"Nimesikia." Bibi hakuinua uso. "Amefanya kiungwana. Nilijua ni mtu wa kusikia."

"Kusikia nini?"

Vidole vya Mama Aurore vikasimama juu ya maharage. Odile alimfahamu mama mkwe wake vizuri. Alijua kuwa bibi amejikwaa, na kwamba hatarudi nyuma, kwa sababu hajawahi kurudi nyuma maishani mwake. Akavuta kiti, akakaa mbele yake, akangoja.

Ikatoka kidogokidogo. Jumapili iliyopita, Odile alipokuwa bado kanisani na wanakwaya, Alden alikuja sebuleni kofia mkononi. Aliuliza, kwa adabu zote, kama Mama Aurore angekuwa na pingamizi lolote iwapo yeye Alden angemwomba Odile awe mke wake. Na Mama Aurore alijibu kwamba ndiyo, pingamizi analo. Basi. Alden akashukuru, akavaa kofia, akatoka.

"Ukamkatalia," Odile alisema polepole. "Ukanikatalia mimi."

"Aliniuliza. Nikiulizwa najibu. Na usinitazame hivyo, mimi sikuwa wa kwanza. Alishamwuliza binti yako. Alishamwuliza Padre Desautels. Alikuja kwangu akiwa na ndiyo za mji mzima mfukoni."

Odile aliinuka akampigia simu Simone, binti yake anayeishi Burlington. Simone hakukana. Alisema yeye alishatoa ndiyo yake tangu Pasaka, na alipoona kimya alidhani wazee wanakwenda taratibu kwa sababu ya magoti. Akaongeza kwamba Bwana Alden alikuwa amemwuliza maswali mengi kama mtu anayenunua nyumba. Mama anapenda baridi? Mama atamkosa nani? Padre naye, Odile alipompigia, alikohoa kwanza. Alieleza kuwa Mprotestanti na Mkatoliki wanaweza kufunga ndoa kanisani kwa ruhusa ya Askofu, na kwamba yeye binafsi ameshauliza utaratibu wa ruhusa hiyo, kwa tahadhari tu.

Odile aliweka simu chini. Mashavu yalikuwa yanawaka. Mji mzima umemjadili, kuanzia Burlington mpaka altareni, yeye akikaza vifungo.

Saa kumi na moja jioni Bunge lilisimama kidogo ili watu wale, na Alden akaja kula kama kawaida. Aliingia kwa mlango wa jikoni, mrefu, mabega yameinama kidogo kama ya watu wote waliokamua ng'ombe utotoni. Akakuta meza haina sahani. Mama Aurore alikuwa ameingia chumbani kwake na kuuacha mlango wazi kiasi cha sikio.

"Karibu, Mheshimiwa Spika," Odile alisema.

Hajawahi kumwita hivyo ndani ya nyumba. Alden akavua kofia taratibu.

"Umesikia."

"Nimesikia redioni, mkono wangu ukiwa ndani ya kinywa cha Prudence Wheelock. Kwa hiyo sasa hivi mpaka mbwa wa ng'ambo ya mto amesikia nilivyoshtuka."

Alden alianza kusema kwamba alikuwa na nia ya kumweleza mwenyewe jioni hii. Odile akamwambia asimweleze la Bunge, hilo ameshalielewa, mtu akichoka huacha. Amweleze lile lingine. Amweleze kuhusu Simone, na Padre, na Mama.

Alden akanyamaza. Alikuwa na namna yake ya kunyamaza ambayo wabunge waliiogopa, anaposubiri pande zote zimalize kusema. Lakini jikoni pale palikuwa na upande mmoja tu, na ulikuwa umekunja mikono.

"Bi Odile," alisema mwisho, "nilipokuwa kiongozi mpya wa wenzangu, nilipeleka hoja moja mbele ya Bunge kwa moyo tu. Niliamini ni nzuri, nikaamini kila mtu ataiona hivyo. Ikaanguka. Haikuanguka peke yake, iliwaangusha wote waliosimama nami, na mmoja alipoteza kiti chake. Tangu siku hiyo sijapeleka jambo mbele ya watu bila kujua kura zake. Napita kwa mtu mmoja mmoja, nauliza, nasikiliza. Ndiyo kazi yote ya kiongozi. Zile hotuba ni mapambo."

"Na mimi ukanifanyia hivyo."

"Nilitaka nikija kwako pasiwe na kitu cha kukuumiza. Nisikutie katika ugomvi na mwanao, wala na kanisa lako, wala..." Aliutazama mlango ulioachwa wazi. "Wala na mwenye nyumba. Nimekula mezani kwake miaka yote hii. Siwezi kushiba kwa mtu kisha nimpasulie familia. Aliposema hapana, nikaondoa hoja."

"Ukaondoa hoja." Sauti ya Odile ilikuwa chini, na kwa hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Niambie, Alden Peaslee, katika Bunge lako hilo mimi nilikuwa nani? Nilikuwa mbunge? Nilikuwa mgeni kwenye viti vya ukutani? Au mimi ndiye muswada wenyewe, napitishwa mkono kwa mkono, kila mtu ananisoma, kila mtu anasema anachoona, na mwisho nafungiwa kabatini bila mtu kuniuliza mimi nataka nini?"

Alden aliikunja kofia mkononi. Wekundu ulimpanda kuanzia kwenye kola.

"Nilihesabu kila mtu," alisema.

"Ukanisahau mimi."

"Sikukusahau. Wewe ndiye niliyeogopa kukuhesabu."

Neno hilo likakaa mezani baina yao, mahali pa sahani. Odile alihisi kifua chake kinafunguka na kuuma kwa wakati mmoja. Miaka yote aliyongoja neno la namna hiyo, na limekuja jioni ambayo hasira haimruhusu kulipokea.

"Na hili la kuondoka?" aliuliza. "Hili nalo uliogopa?"

"Kila kitu changu nakuambia wewe kwanza. Ningekuambia naondoka, ungeniuliza kwa nini. Na kwa nini yenyewe ni wewe. Siwezi tena kukaa kwenye chumba kile kila baridi, nakusikia unatembea huku, halafu Mei nafunga begi."

Kengele ya kanisa la mtaa wa pili ililia. Alden alitazama saa ya ukutani kwa mazoea ya mtu anayengojwa. Odile alimwambia aende, watu wasikae wakiingoja nyundo yake ya kuendeshea kikao. Alimpa mkate na jibini ndani ya karatasi, kwa maana hasira haikuwa imemfikisha mahali pa kumwacha mtu na njaa, lakini hakumtazama usoni alipompa. Alden akavaa kofia, akaenda.

Odile aliwasha bomba la maji ingawa hakukuwa na chombo cha kuosha. Akaegemea sinki na kuanza kusali. Hakusali kwa maneno yaliyopangwa. Alimwambia Mungu kwamba amekuwa mvumilivu mno mpaka uvumilivu umekuwa maficho. Alimwambia kwamba naye pia hakumwuliza Alden lolote, aliona macho yale kwenye kioo na hakugeuka. Ni wawili walioogopa, si mmoja. Akaomba apewe ujasiri mdogo tu, wa kutosha jioni moja, na moyo usio na hila kwa yule bibi mzee. Aliposema amina alikuta maji yanamwagikia mikono na mikono imekuwa ya baridi.

"Unalia?" Mama Aurore aliuliza kutoka chumbani.

"Nasali."

"Kwako ni kitu kimoja."

Odile alifunga maji, akaenda kusimama kwenye mlango wa chumba. Mama Aurore alikuwa amekaa kitandani, miguu haifiki sakafuni, rozari imezungushwa kidoleni bila kusaliwa. Bila maharage mbele yake alionekana mdogo.

"Umesikia yote," Odile alisema.

"Masikio ndiyo kitu pekee ambacho bado kinanitii." Bibi alivuta pumzi. "Ni mtu mwema. Sijasema si mtu mwema. Anacheza karata vibaya lakini haibi."

"Basi kwa nini, Mama?"

Bibi aliizungusha rozari kidoleni. Jibu lilikuja bila ukali wowote, na Odile hakuwa amejiandaa kwa sauti hiyo.

"Lucien amekufa. Wakwe zako wengine wote wamekufa. Wewe ndiye unayenifanya niwe bado mama wa mtu. Akikuchukua, mimi ni nani? Kikongwe mwenye nyumba. Wataniweka kule kwenye jengo la wazee linalonuka supu, na Prudence Wheelock atakuja Jumatano kunisomea."

Odile alikaa kando yake. Kitanda kililalamika. Alitaka kumkumbatia, lakini Mama Aurore si mtu wa kukumbatiwa bila onyo, kwa hiyo alichukua ule mkono wenye rozari akauweka juu ya goti lake.

"Mama, sikuolewa na Lucien peke yake. Nilipoingia nyumba hii uliniambia mchuzi wangu ni maji ya mto, nikalia siku mbili, halafu ukanifundisha kupika. Mama yangu mzazi hakuwa na subira hiyo. Sasa sikiliza. Yeye alikuja kukuomba ruhusa. Mimi sikuombi. Naenda kumwambia ninachotaka, ukubali usikubali. Na mimi sikuachi, ukubali usikubali. Yote mawili ni kweli. Kaa nayo."

Mama Aurore aliutazama mkono wake ulioshikwa.

"Na kama amebadili nia?"

"Basi nitarudi tule maharage."

"Hujachana hata nywele," bibi alisema.

Odile akachana nywele.

Jengo la Bunge liko kwenye kilima kifupi tu juu ya barabara, kuba lake la dhahabu likiwa bado limeshika jua. Mei hii nyasi za mbele zilikuwa zimeamka baada ya matope ya Aprili, na watoto walikuwa wanajiviringisha kwenye mteremko kama ilivyo desturi yao. Odile alipanda ngazi, akaingia ukumbini, akapata nafasi kwenye viti vya wageni kando ya ukuta.

Shughuli zilikuwa zimebaki za kuagana. Katika Bunge lile Spika hatoi neno lake mwenyewe akiwa kwenye kiti cha juu. Akitaka kusema la moyoni, humkabidhi mwingine nyundo, huteremka, husimama sakafuni kama mbunge yeyote na kuomba nafasi. Alden aliteremka. Odile aliona kwamba koti lake limekosewa kufungwa, kifungo cha pili kwenye tundu la tatu, na ilimbidi azuie mikono yake isiinuke.

Alisema kwa kifupi. Aliwashukuru wafanyakazi wanaofagia ukumbi, akamshukuru dada yake Hester aliyekamua ng'ombe wake kila baridi bila kumkumbusha zaidi ya mara moja kwa siku, na watu wakacheka. Alisema alikuja hapa bila kujua kusema sentensi tatu. Alisema kuna nyumba moja mjini ambayo alijifunza humo sentensi hizo, na nyumba hiyo...

Hapo macho yake yalifika ukutani, yakamkuta Odile.

Mtu aliyeongoza mijadala ya saa kumi mfululizo bila kupoteza uzi alisimama pale akiwa amepoteza kila kitu. Ukumbi ulingoja. Mbunge mmoja mama alimtazama Alden, akafuata macho yake mpaka kwenye viti vya wageni, akatabasamu na kuinamia karatasi zake.

"Nimemaliza," Alden alisema, akakaa.

Walimpigia makofi wamesimama. Kisha alirudi juu, nyundo ikagonga mara ya mwisho, na Bunge likafungwa.

Odile alimngoja nje, kwenye ngazi za mawe. Watu walitoka wakikumbatiana na kuahidiana kuonekana. Alden alitoka karibu wa mwisho, amebeba boksi la vitu vyake vya ofisini, na alipomwona alisimama katikati ya ngazi.

"Bi Odile. Umekuja."

"Nimekuja kuhesabiwa."

Aliliweka boksi chini. Upepo ulitoka mtoni, ukazichezea nywele zake zilizokuwa nyeusi alipokuja mara ya kwanza.

"Mama Aurore amesema..."

"Najua alichosema, nimeishi naye kuliko wewe. Mimi hujaniuliza."

"Sijui utasema nini," alikiri. Mikono yake mikubwa haikujua pa kukaa.

"Najua hujui. Ndiyo maana ya kuuliza."

Alden aliangalia chini kwenye mawe, halafu juu, halafu kwake, na safari hii hapakuwa na kioo cha dirisha katikati. Odile hakugeuza uso. Waliangaliana hivyo mpaka ikawa dhahiri kwamba mengi wameshaambiana, lakini Odile alikuwa ameapa kwamba leo litasemwa kwa mdomo.

"Odile," alisema, na lile Bi la miaka yote halikuwepo. "Machi nilipokwenda nyumbani, nilitoka kwenye mkutano wa mji, nikachemsha kahawa, nikaweka vikombe viwili. Sikukusudia. Mkono tu. Nikakaa nakitazama kile cha pili mpaka Hester akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo. Nakupenda. Nimekupenda muda mrefu na kwa uoga mwingi. Utakubali kuolewa nami?"

Odile hakujibu mara moja. Si kwa sababu hakuwa na jibu. Alitaka tu Alden aonje kidogo kungoja, kwa kuwa yeye amekula kungoja kwa miaka. Akayaona masikio ya Spika yakigeuka mekundu, na moyo wake mwenyewe ukamshtaki kwa ukatili.

"Mama anakuja nami," alisema. "Akitaka, tunakwenda wote kaskazini. Asipotaka, wewe ndiye utakayehamia hapa mpaka atakapotaka, na Hester ataendelea na ng'ombe. Siendi mahali ambapo yeye hana kiti."

"Kuna chumba cha chini, kinaingiza jua la asubuhi," Alden alisema haraka, kama mtu aliyekwisha kukifagia. Kisha akasita. "Hilo ni sharti au ni jibu?"

"Ni marekebisho ya hoja. Unayakubali?"

"Nayakubali."

"Basi ndiyo."

Hakuelewa papo hapo. Alisimama kama anayengoja upande wa pili uzungumze. Odile alisogea ngazi moja, akafungua kile kifungo cha pili na kukirudisha kwenye tundu lake, polepole, mbele ya jengo lote la Bunge na yeyote aliyetaka kuona, na alipomaliza mikono yake haikuondoka pale kifuani. Ndipo Alden akaelewa. Aliinamisha kichwa mpaka paji lake likagusa paji la Odile, akasema maneno ya shukrani ambayo hayakuwa yameelekezwa kwa Odile, bali kwa Yule aliye juu ya makuba yote, na Odile akaitikia amina kwa ajili ya wote wawili.

Walishuka kilima wakiwa wamelishika boksi kila mtu upande wake. Hawakuzungumza sana. Odile alimwambia kuwa atakuwa na kazi ya kumwandikia Askofu, naye akasema Padre tayari ana karatasi, wakacheka, halafu Alden akaona aibu, halafu wakacheka tena. Kadiri walivyoikaribia nyumba, ndivyo mwendo wao ulivyopungua. Ile hapana ilikuwa bado iko ndani, na hakuna aliyekuwa na uhakika nayo.

Mama Aurore alikuwa amesimama barazani ameshika nguzo. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea. Aliwatazama wanavyokuja, akalitazama boksi, akaitazama mikono yao chini ya boksi. Hakuna kitu kilichompita.

Alden alivua kofia. Odile alimhisi anavuta pumzi ya kuanza kueleza, na akamgusa kiwiko ili aache.

"Hao ng'ombe wako," Mama Aurore alisema, "wana majina au unawaita kwa namba kama watu wa siku hizi?"

"Wana majina, Mama Aurore. Wote."

"Nitajie."

"Dorcas," Alden alianza, kofia kifuani, kwa sauti iliyotetemeka kuliko ilivyowahi kutetemeka mbele ya Bunge lolote. "Ndiye mkubwa wao. Ni mzee, mkaidi, na hakubali kukamuliwa na mtu asiyemjua."

Bibi alifikiri kidogo.

"Huyo tutaelewana," alisema, akageuka na kuwafungulia mlango.